Subaru ya Turbo Inamisi: Lipia Kipimo Kabla ya Kulipia Spea

Gari likianza kutikisika kwenye taa nyekundu, ekzosi ikakatakata mlio na taa ya injini ikawaka dashibodini, neno la kwanza utakalosikia gereji ni "koili". La pili ni "plagi". La tatu ni bei, na mara nyingi boneti bado haijafunguliwa.

Makala haya ni ya mwenye Subaru Impreza WRX au Forester ya turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, yenye injini ya EJ20. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo anayenunua gari la umri huu leo hulinunua kwa mtu aliye hapa hapa nchini, na hurithi kila kitu ambacho mtu huyo alikifanya au alikiacha. Injini inaweza kumisi kwa sababu ya plagi ya bei ya chakula cha mchana. Inaweza pia kumisi kwa sababu pistoni imevunjika. Dalili ya kwanza, ukiwa umekaa kwenye usukani, ni ile ile.

Ndiyo maana ninasisitiza: shilingi ya kwanza iende kwenye kipimo. Spea isubiri.

Bei nitakazotaja ni za mfano, kwa shilingi za Kenya, ili uone uwiano kati ya njia moja na nyingine. Kabla ya kulipa, piga simu maduka matatu. Spea hizi hufuata dola, na duka la Kirinyaga Road jijini Nairobi halilingani bei hata na jirani yake.

Je, uendelee kuliendesha?

Taa ya injini ikipepesa wakati gari linamisi, lipaki. Silinda isiyowaka hutema petroli mbichi kwenye ekzosi, na petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya katalitiki. Kuna matoleo ya WRX yenye katalitiki ndogo kabla ya turbo. Ikivunjika, vipande vyake hupita moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo, na koili moja iliyokufa imekuletea bili ya turbo nzima.

Matoleo ya zamani ya soko la Japani huenda yasipepese taa hata kidogo. Hapo sikia kwa masikio na kwa kiti: kama silinda imekufa kabisa na gari linanuka petroli, gharama ya breakdown ni ndogo kuliko ya kulisukuma hadi nyumbani. Kama linamisi kidogo tu likiwa baridi kisha linatulia, unaweza kulifikisha gereji taratibu bila kuita turbo.

Kipimo cha bure: daftari

Kabla ya kuita fundi, andika ni lini linamisi. Kazi hii haina malipo, na humnyima fundi nafasi ya kubahatisha.

Linamisi mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa injini? Shuku koili, mipira yake na viunganishi vya waya. Linamisi unapokanyaga na turbo kuingia, lakini likisimama linatulia? Shuku plagi zenye mwanya mpana, koili dhaifu, au petroli isiyofika ya kutosha. Linamisi likisimama lakini barabarani halina shida? Shuku hewa inayoingia kwenye mpira uliopasuka. Linamisi asubuhi tu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja? Shuku gasketi ya hedi. Lilianza siku uliyojaza petroli? Anza na petroli. Lilianza baada ya kubadilishwa mkanda wa taimingi? Rudi kwa aliyeubadilisha, ukiwa na risiti mkononi.

Kuhusu petroli: mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta hayo kwenye mafuta ya magari. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi hicho. Injini ya turbo ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo huteseka mapema kuliko gari la kawaida. Ukishuku tangi, ondoa petroli hiyo na ujaze mahali pengine kabla ya kununua koili.

Kipimo cha bure cha pili: kubadilishana koili

Kwenye matoleo mengi ya EJ20 ya turbo, kila plagi ina koili yake. Hilo ni jambo jema kwa mfuko wako. Ukijua silinda gani inamisi, hamisha koili yake kwenye silinda ya jirani na ulete ya jirani hapa. Umisi ukihama na koili, koili ni mbovu. Usipohama, koili ni nzima na umeokoa pesa. Plagi nayo hupimwa hivyo hivyo.

Jua namba zako, maana fundi akikosea upande kipimo chote hakina maana. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa dereva, na ya 2 na ya 4 upande wa abiria. Ya 1 na ya 2 ndizo za mbele.

Gharama iliyofichika hapa ni nafasi. Injini ya boksa imelala, na plagi zake zinatazama kuta za chumba cha injini. Upande mmoja betri iko njiani, upande mwingine kisanduku cha filta ya hewa. Kazi inayochukua robo saa kwenye gari dogo la kawaida hapa inaweza kula saa moja au mbili. Uliza bei ya kazi kabla, na uulize kama ni ya plagi zote nne au ya kila moja.

Kompyuta: kununua kisomaji au kulipa gereji?

Kisomaji kidogo cha Bluetooth unachounganisha na simu kinaweza kukugharimu, tuseme, 1,500. Gereji yenye mashine kubwa itakutoza 2,000 kwa mara moja. Kwa hesabu hiyo kisomaji kinashinda siku ya kwanza, lakini sikiliza kwanza.

Magari ya soko la Japani ya kipindi hiki yana tundu la umbo lile lile la OBD2, ila mengi huzungumza lugha ya Subaru yenyewe. Kisomaji cha bei nafuu kitachomeka vizuri, kitawaka taa, na hakitasoma kitu. Kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kikisoma, tafuta misimbo hii: P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi, tarakimu ya mwisho ikiwa namba ya silinda. P0300 husema umisi unazunguka silinda mbalimbali, na hapo koili moja si jibu. Fikiria hewa inayovuja, petroli au taimingi. P0171 ikiandamana nayo, mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo.

Kwa Subaru za miaka ya 1990, kuna viunganishi viwili vyeusi chini ya dashibodi. Fundi anayezijua Subaru huviunganisha, na taa ya injini hupepesa msimbo bila mashine yoyote. Haitakutajia silinda, lakini itakutajia sensa iliyokufa.

Ukienda gereji yenye mashine, uliza maswali mawili. Je, 2,000 ni ya kusoma tu, au ni ya kusoma na kutafuta chanzo? Wengine hutoza mara mbili. Na mwambie asifute misimbo kabla ya kuipiga picha. Misimbo ikifutwa, ushahidi wako umekwenda, na utalipa tena kuusubiri urudi.

Plagi: za nikeli au za iridiamu?

Tuseme plagi ya nikeli ni 500 na ya iridiamu ni 1,800. Seti ya nne ni 2,000 dhidi ya 7,200, na kazi ya kufunga ni 1,500.

Kwenye injini ya turbo, panga kubadilisha nikeli kila kilomita 20,000. Iridiamu ina uwezo wa kufika 100,000 katika hali nzuri, lakini kwa gari lililozeeka mimi ningezitoa kwenye 60,000. Kwa safari hiyo ya kilomita 60,000, nikeli ni seti tatu na kazi mara tatu: 10,500. Iridiamu ni seti moja na kazi moja: 8,700. Iridiamu inashinda kwa sababu ya kazi, maana bei ya plagi peke yake haiipi ushindi. Kama unafunga mwenyewe nyumbani, nikeli ni 6,000 dhidi ya 7,200, na hapo nikeli inashinda.

Kuna hali moja ambayo nikeli ndiyo chaguo hata kama una pesa: unapokuwa bado hujajua ugonjwa. Injini inayokula oili au inayovuja oili kwenye tundu la plagi itachafua iridiamu ya 1,800 kwa urahisi ule ule inavyochafua nikeli ya 500. Weka nikeli, maliza uchunguzi, kisha weka za kudumu.

Feki zimejaa sokoni. Iridiamu halisi ina ncha nyembamba kama sindano na maandishi yaliyonyooka kwenye kauri. Maduka manne yakisema 1,800 na la tano likasema 600, hilo la tano haliuzi iridiamu. Na usimruhusu fundi apanue mwanya kwa kusukuma ncha na bisibisi. Ncha hiyo huvunjika. Turbo hutaka mwanya mdogo, kiasi cha milimita 0.7 hadi 0.8. Mwanya mpana ni sababu tosha ya gari kumisi unapokanyaga.

Koili: mpya halisi, mtumba wa Japani au ya kuiga?

Mpya halisi, tuseme 12,000 kwa moja. Hudumu miaka, lakini mara nyingi huagizwa, na gari husubiri. Mtumba wa Japani, 3,500. Unapatikana leo leo, ila una umri sawa na ile iliyokufa. Ya kuiga iliyo mpya, 3,000. Inang'aa, na ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hufanya kazi gari likiwa limesimama kisha hushindwa turbo inapoingia. Hapo unaanza kuwinda ugonjwa ambao umeununua mwenyewe.

Kwa mwenye pesa kidogo, mtumba ndio ninaoupendekeza, kwa masharti matatu. Namba ya ubavuni ilingane na ya koili yako, maana umbo la kiunganishi hubadilika kati ya miaka ya toleo. Ijaribiwe kwenye gari lako kabla ya kulipa. Na risiti iandikwe siku za kurudisha.

Nunua iliyokufa peke yake. Fundi akisema "tuweke zote nne", mpya halisi ni 48,000 dhidi ya 12,000. Ni kweli zilizobaki zina umri sawa, lakini tofauti hiyo ya 36,000 bado utaihitaji kwenye makala haya.

Kabla ya kufunga koili mpya, tazama ndani ya tundu la plagi kwa tochi. Ukiona oili, mipira ya kifuniko cha vali imechoka. Oili hiyo hulowesha mpira wa koili hadi cheche inatoroka pembeni. Koili mpya bila kubadilisha mipira hiyo itakufa kifo kile kile. Mipira ni rahisi. Kazi ya kuifikia ndiyo ghali. Kwa hiyo fanya kazi ya mipira, plagi na koili siku moja, ulipe ufunguaji mara moja.

Hewa na vitu alivyoviacha mwenye gari wa kwanza

Gari la mbio lililopita kwa vijana lina historia. Anza na valvu ile inayopiga "tsss" ukibadilisha gia. Nyingi kati ya Subaru hizi hupima hewa inapoingia, kisha kompyuta hupanga petroli kwa kipimo hicho. Valvu inayomwaga hewa nje hutupa hewa ambayo imeshahesabiwa, petroli inabaki nyingi, na gari linajikwaa na kupiga risasi kwenye ekzosi kila unapoachia mafuta. Kurudisha valvu ya asili, ile inayorudisha hewa ndani, ni moja ya tiba nafuu kuliko zote. Uliza kwenye maduka ya mitumba. Wengi waliivua na kuiuza.

Kisha mipira ya hewa na klempu zake, hasa zile za intakula. Gereji yenye mashine ya moshi itakuonyesha tundu kwa dakika chache. Kipimo cha moshi kwa 3,000 kina thamani kuliko kubadilisha mipira mitatu kwa kubahatisha.

Sensa ya hewa yenyewe, isafishe kwanza kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, ambayo haina mafuta. Usitumie dawa ya kabureta wala usiiguse kwa kidole. Filta za michezo zinazopakwa oili huichafua sensa hii, na filta ya kawaida ya karatasi ni nafuu na salama zaidi.

Kipimo cha thamani kuliko vyote: kompresheni

Kama koili, plagi na hewa havikujibu, simama hapa. Usinunue nozo, usinunue pampu ya petroli, usikubali mtu akuuzie kompyuta ya gari. Pima kompresheni.

EJ20 ya turbo inajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, hasa baada ya kuendeshwa kwa petroli dhaifu au kuongezewa nguvu bila mpango. Silinda yenye pistoni hiyo humisi, na hakuna plagi duniani itakayoiponya.

Geji ya kompresheni ni kama 4,000 kuinunua. Gereji itakutoza kiasi hicho au zaidi kwa kazi, kwa sababu plagi zote nne lazima zitoke. Basi pima kompresheni siku ile ile plagi zinapobadilishwa, na ujadili punguzo.

Kipimo sahihi kina kanuni. Injini iwe imepata moto, betri iwe imejaa, petroli ikatwe, mafuta yakanyagwe hadi chini, na kila silinda izungushwe mara zile zile. Unachotafuta ni usawa wa namba nne. Silinda tatu zikikaribiana na ya nne ikawa chini yao kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, umepata mgonjwa.

Fundi atataka kumwaga oili kidogo kwenye silinda na kupima tena, aone kama ni ringi. Kwenye injini ya silinda zilizosimama wima ni kipimo kizuri. Kwenye boksa silinda imelala, oili hukaa upande wa chini, na jibu haliaminiki. Lipia badala yake kipimo cha kuvuja kwa upepo wa kompresa. Ukisikia upepo kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea. Kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi.

Kama silinda mbili za upande mmoja zote ziko chini, kagua taimingi kwanza. Mkanda ukiruka jino, upande mmoja hupoteza pumzi. Injini hii vali zake hugongana na pistoni mkanda ukikatika, kwa hiyo mkanda usio na historia ubadilishwe, pamoja na kikaza mkanda na pampu ya maji iliyo nyuma yake. Kazi ya kufungua ni ile ile moja.

Kama ni injini: kurekebisha au kununua nyingine?

Injini ya mtumba wa Japani huonekana nafuu kuliko kufungua yako. Ongeza yafuatayo kwenye bei: mkanda mpya wa taimingi, gasketi, oili, maji ya rejeta, pengine klachi kwa kuwa injini imeshatenganishwa na gia, na kubadilisha taarifa za injini kwenye logbuku kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, kama namba haifanani. Pia injini iwe ya toleo linaloelewana na kompyuta ya gari lako, la sivyo utanunua na kompyuta.

Dai namba za kompresheni za injini hiyo pia, zipimwe mbele yako. Muuzaji anayesema "hii ilitoka Japani ikiwa nzima" na hataki geji iguse plagi, amekupa jibu.

Ukiwa na kiasi gani, fanya nini?

Ukiwa na 2,000: daftari, kubadilishana koili, kagua mipira ya hewa na valvu, na kusomewa misimbo mara moja.

Ukiwa na 10,000: ongeza plagi za nikeli, kisha koili moja ya mtumba kama kipimo kimeitaja, au kompresheni siku hiyo hiyo kama hakikuitaja.

Ukiwa na 30,000: ongeza mipira ya vifuniko vya vali, kipimo cha moshi na cha kuvuja, na ubaki na akiba. Ukijikuta umefika hapa bila jina la ugonjwa, usiongeze spea. Badilisha fundi.

Na kila hatua, mwambie fundi mambo mawili kabla hajashika spana: spea zilizotolewa nirudishiwe, na namba nne za kompresheni ziandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na kilomita. Karatasi hiyo ihifadhi kwenye droo ya dashibodi. Gari likimisi tena mwakani, utajua kilichobadilika bila kuanza upya. Na ukiamua kuliuza, mnunuzi mwenye akili hatauliza rimu ni za inchi ngapi. Ataomba karatasi hiyo, nawe utakuwa nayo.